Mtoki ni Mlinzi wa Mwili

Mtu akijikwaa kwenye kisiki, au akichomwa na mwiba mguuni, mara nyingi haoni haja ya kuushughulikia mguu wake. Hupangusa damu na kuendelea na kazi. Lakini baada ya siku mbili au tatu huweza kuhisi uvimbe mgumu wenye kuuma katika kinena, upande ule ule wa mguu ulioumia. Uvimbe huo ndio uitwao mtoki. Vivyo hivyo kidonda cha kidole cha mkono huweza kuleta uvimbe kwapani, na jino bovu au koo lenye maumivu huleta uvimbe chini ya taya.

Watu wengi huuchukia mtoki kwa sababu huwazuia kutembea, na wengine huuhesabu kuwa ndio ugonjwa wenyewe. Wako wanaoukanda kwa nguvu, wako wanaouchoma kwa chuma cha moto, na wako wanaouchanja kwa wembe ili damu mbaya itoke. Mambo hayo yote ni ya hatari. Mtoki si adui aliyeingia mwilini. Ni kituo cha askari ambapo adui amezuiwa njiani, na uvimbe wake ni dalili kwamba vita inapiganwa pale. Mwenye kuuchanja kwa wembe mchafu huwafungulia mlango vijidudu wengine, na wakati huo huo kidonda cha mguuni, ambacho ndicho mlango wa kwanza, hubaki wazi.

Ili kufahamu jinsi kituo hicho kifanyavyo kazi, yafaa kwanza kujua habari za maji yazungukayo mwilini mbali na damu.

MAJI YATOKAYO KATIKA DAMU

Mwili wa mtu mzima una damu ipatayo lita 5. Moyo huisukuma damu hiyo katika mishipa mikubwa, nayo huingia katika mishipa midogo, mpaka ifike katika vishipa vyembamba kuliko unywele. Kuta za vishipa hivyo si kama bomba la chuma lisilopitisha kitu. Hupenyeza maji pole pole, na pamoja na maji hayo hupita chumvi, sukari na vyakula vingine ambavyo nyama za mwili huvihitaji. Maji hayo huzizunguka chembe zote za mwili, yakazilisha na kuchukua takataka zake.

Sehemu kubwa ya maji hayo huishia tena katika damu. Lakini sehemu nyingine hubaki nje, na kwa mtu mzima sehemu hiyo yapata lita 2 mpaka 4 kila siku. Kama maji hayo yasingepata njia ya kurudi, mwili ungevimba siku hata siku, na damu ingepungukiwa.

Mkulima wa mpunga katika mashamba ya Mwea anajua jambo hili vizuri. Shamba lake lina mfereji wa kuleta maji, na lina mfereji mwingine wa kuyatoa. Mfereji wa kutoa ukiziba kwa matope na majani, shamba hugeuka kuwa kinamasi, na mimea huoza hata kama mfereji wa kuleta ni mzima kabisa. Mwili nao una mifereji ya kutoa maji. Huitwa mishipa ya limfu, na maji yaliyomo huitwa limfu, neno litokalo katika Kilatini lenye maana ya maji safi. Jina hilo linafaa, kwa maana limfu haina wekundu wa damu. Mara nyingi ni maji maangavu yenye rangi ya kimanjano kidogo, kama yale yatokayo katika ngozi iliyochubuka.

NJIA ISIYO NA MOYO

Mishipa ya limfu huanzia karibu kila mahali katika mwili kwa vishipa vidogo sana vilivyofungwa upande mmoja. Vishipa hivyo vina vijilango laini vinavyofunguka kwa ndani tu: maji huingia, lakini hayawezi kutoka tena. Vishipa vingi hukutana na kufanya mshipa mkubwa zaidi, kama vile vijito vya mlimani hukutana na kufanya mto. Ndani ya mishipa hiyo mna vizuizi kadha wa kadha vyenye kuzuia limfu isirudi nyuma.

Limfu haina moyo wa kuisukuma. Mishipa yenyewe hujikaza na kujilegeza pole pole, na husaidiwa na misuli ya mwili. Kila mara mtu anapotembea, anapolima au anapovuta pumzi, misuli huikamua mishipa hiyo na kuisogeza limfu mbele. Hii ndiyo sababu miguu ya mtu aliyekaa kitini siku nzima katika safari ya basi huvimba kidogo, na uvimbe huo hupungua akitembea au akilala na kuinua miguu.

Jambo hilo hilo laonyesha kwa nini mtu aliyeumwa na nyoka hapaswi kukimbia. Sumu ya nyoka wengi husafiri kwa njia ya mishipa ya limfu, na misuli ikifanya kazi kwa nguvu huisukuma upesi. Mtu huyo atulizwe, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, naye achukuliwe hospitalini kwa kubebwa. Kukata jeraha kwa kisu hakuitoi sumu, na kufunga kamba kwa nguvu huweza kuuharibu mguu au mkono kabisa.

Mwisho wa safari, limfu ya miguu yote miwili, ya tumbo, na ya upande wa kushoto wa mwili hukusanyika katika mshipa mmoja mkubwa upitao mbele ya uti wa mgongo. Mshipa huo hupanda kifuani na kumwaga limfu katika mshipa wa damu chini ya shingo, upande wa kushoto. Limfu ya upande wa kulia wa kichwa, kifua na mkono wa kulia humwagika upande wa kulia. Hivyo maji yaliyotoka katika damu hurudi katika damu.

Habari hizi hazikujulikana kwa siku moja. Mwaka 1622 daktari wa Italia, Gaspare Aselli, alipasua tumbo la mbwa aliyekuwa amekula muda mfupi kabla, akaona nyuzi nyeupe nyingi kwenye matumbo. Kwanza alidhani ni neva, lakini alipoutoboa mmoja wa nyuzi hizo ulitoka maji meupe kama maziwa. Yalikuwa ni mafuta ya chakula, ambayo nayo huchukuliwa kwa mishipa ya limfu. Mwaka 1651 Mfaransa Jean Pecquet alieleza mshipa mkubwa wa kifuani na mahali unapomwagia. Muda mfupi baadaye Olaus Rudbeck wa Sweden na Thomas Bartholin wa Denmark walionyesha kwamba mishipa ya namna hiyo imeenea katika mwili wote, nao wakashindana juu ya nani aliyetangulia kuigundua.

VITUO VYA UKAGUZI

Kama kazi ya limfu ingekuwa kurudisha maji tu, ingetosha. Lakini maji yanayotoka katika nyama huweza kuchukua kila kitu kilichoingia kwa njia ya kidonda: vumbi, uchafu na vijidudu vya magonjwa. Kuyarudisha katika damu bila kuyakagua kungekuwa sawa na kumwaga maji ya mtaro katika kisima cha kijiji.

Kwa hiyo, katika njia zote za limfu vimewekwa vituo vya ukaguzi. Ni tezi ndogo ndogo zenye umbo la haragwe, nyingine ndogo kama punje ya mtama. Mwili wa mtu mzima una mamia ya tezi hizo. Nyingi zimekusanyika mahali ambapo njia hukutana: katika kinena kwa ajili ya miguu, kwapani kwa ajili ya mikono na kifua, shingoni na chini ya taya kwa ajili ya kichwa na kinywa, na nyingine ndani ya kifua na tumbo. Kwa kawaida mtu hawezi kuzihisi kwa vidole, au huhisi chache tu katika kinena. Lakini wakati wa vita huvimba, na hapo ndipo watu huziita mitoki.

Limfu huingia katika tezi kwa mishipa mingi na kutoka kwa mshipa mmoja au miwili. Ndani yake hupita pole pole katika nyuzi zilizosukwa kama wavu wa mvuvi, na katika wavu huo hukaa askari wa namna mbili.

Askari wa kwanza ni chembe kubwa zilazo vijidudu. Hukamata kila kitu kigeni kinachopita na kukimeza. Elie Metchnikoff, mtaalamu wa elimu ya viumbe aliyezaliwa katika nchi ambayo leo ni Ukraine, aliziona chembe za namna hii mwaka 1882 mjini Messina. Aliwachoma viumbe wachanga wa jamii ya kiti cha pweza kwa miiba, na kesho yake akakuta chembe nyingi zimeizunguka miiba hiyo kama watu wanaomzingira mwizi. Kwa kazi yake alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1908, pamoja na Paul Ehrlich wa Ujerumani.

Askari wa pili ni chembe nyeupe ziitwazo limfosaiti. Hizi hazifanani katika ujuzi wao. Kila moja imeumbwa kutambua alama ya adui wa namna moja tu, kama ufunguo uliochongwa kwa kufuli moja. Mwilini mna mamilioni ya namna hizo, lakini wale wanaoweza kumtambua adui fulani ni wachache sana. Basi wachache hao watampataje adui aliyeingia kwa kidole cha mguu?

Jibu ni kwamba adui ndiye hupelekwa kwao. Katika ngozi na nyama mna chembe za upelelezi. Kijidudu kikiingia, mpelelezi hukikamata, hukivunja vunja, hubeba vipande vyake, na kusafiri katika mshipa wa limfu mpaka kwenye tezi iliyo karibu. Huko huvionyesha vipande hivyo kwa limfosaiti zinazopita. Limfosaiti nazo hazikai mahali pamoja. Hutoka tezi moja hadi nyingine, huingia katika limfu, kisha katika damu, na kurudi tena katika tezi, kama askari wa doria. Mzunguko huo ulithibitishwa na James Gowans wa Oxford, katika kazi aliyoitangaza mwaka 1959.

Limfosaiti ikikuta alama inayolingana na ufunguo wake, hukaa pale na kuanza kuzaana. Moja huwa mbili, mbili huwa nne, mpaka huwa maelfu mengi yenye ujuzi ule ule. Nyingine huwaua adui waliojificha ndani ya chembe za mwili. Nyingine hutengeneza kingamwili, yaani dawa ya mwili wenyewe, ambayo huingia katika damu na kuwashika vijidudu popote walipo. Kazi hiyo, ikiwa adui ni mgeni kabisa, huchukua siku kadhaa. Kwa sababu ya wingi wa askari wapya, na kwa sababu ya maji na damu nyingi zinazoletwa pale, tezi huvimba na kuuma. Hiyo ndiyo maana ya mtoki.

KUMBUKUMBU YA MWILI

Vita ikiisha, askari wengi hufa, na tezi hupungua mpaka kurudi katika ukubwa wake. Lakini baadhi ya limfosaiti zilizomjua adui hubaki hai kwa muda wa miaka mingi. Adui yule yule akirudi, hazihitaji tena siku nyingi za kujiandaa. Mara nyingi humshinda kabla mtu hajajua kwamba ameingiliwa. Hii ndiyo sababu mtu aliyepata surua mara moja kwa kawaida haipati tena.

Chanjo hutumia kumbukumbu hiyo. Mtoto huchomwa sindano au hupewa matone yenye vijidudu vilivyodhoofishwa au kuuawa, au sehemu yake tu. Wapelelezi hulichukua jambo hilo mpaka kwenye tezi, na askari hujifunza alama ya adui bila ya mtoto kuugua ugonjwa wenyewe. Ndiyo maana baada ya chanjo mkono huweza kuuma, na tezi ya kwapa kuvimba kidogo. Kwa njia hii ugonjwa wa ndui umeondoshwa duniani. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa katika mji wa Merka, Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 ilitangazwa rasmi kwamba ndui imekwisha.

MIFEREJI IKIHARIBIKA

Watu wa Pwani wanaufahamu ugonjwa unaoonyesha wazi thamani ya mifereji hii. Ni matende. Mguu huvimba mwaka hata mwaka, ngozi hukakamaa na kufanya mikunjo, mpaka mtu hushindwa kuvaa kiatu, kwenda shambani, au kukaa pamoja na wenzake bila haya. Kwa wanaume, ugonjwa huo huo huleta busha. Wengine husema kwamba busha huletwa na kunywa madafu, na wengine husema matende ni kazi ya wachawi. Madafu hayana kosa, na wachawi hawahusiki.

Matende ya Pwani huletwa na mnyoo mwembamba kama uzi, ambao jike lake hupata urefu wa sentimita 8 mpaka 10. Mnyoo huo hukaa ndani ya mishipa ya limfu, na huweza kuishi humo kwa miaka 5 au zaidi. Huzaa watoto wengi wasioonekana kwa macho, ambao katika nchi zetu hujitokeza kwa wingi katika damu ya ngozi wakati wa usiku, hasa karibu na usiku wa manane. Mbu akimwuma mgonjwa saa hizo huwafyonza. Ndani ya mbu hukua kwa muda wa siku 10 au zaidi, na mbu akimwuma mtu mwingine huingia katika ngozi yake. Daktari Mwingereza Patrick Manson ndiye aliyeona, mwaka 1877 katika mji wa Amoy huko China, kwamba mnyoo huyo hukua ndani ya mbu.

Mnyoo mwenyewe huupanua na kuulegeza mshipa wa limfu, vizuizi vyake visiweze tena kufunga sawasawa. Maji hukaa mguuni kama maji ya shamba lisilo na mfereji. Ubaya wa pili ni mkubwa zaidi. Limfu isiposafiri, wapelelezi hawafiki upesi kwenye tezi, na vijidudu wanaoingia kwa njia ya mpasuko mdogo katikati ya vidole huzaana bila kuzuiwa. Ndipo mgonjwa hushikwa na homa kali na kutetemeka, mguu hupata moto, na mtoki huuma. Baada ya siku chache homa hupoa, lakini kila homa ya namna hiyo huacha mifereji imeharibika zaidi na mguu umekuwa mkubwa zaidi.

Matende mengine hayaletwi na mbu. Katika nchi za milimani zenye udongo mwekundu wa volkano, kama vile Ethiopia, Rwanda na sehemu za Uganda, watu wanaotembea miguu mitupu kwa miaka mingi huweza kuharibiwa mishipa ya limfu na chembe ndogo za udongo zipenyazo katika ngozi. Kinga yake ni viatu na kuosha miguu.

MAJI NA SABUNI

Watu wengi waliopata matende hukata tamaa, wakidhani kwamba hakuna lifaalo kufanywa. Fikira hiyo si kweli. Katika miaka ya 1990 madaktari waliofanya kazi Recife, nchini Brazil, walionyesha kwamba homa zile huletwa hasa na vijidudu wa kawaida waingiao kwa njia ya ngozi iliyopasuka, na kwamba mgonjwa anaweza kuzipunguza sana kwa usafi. Yampasa kufanya mambo haya:

Kuosha mguu kila siku kwa sabuni na maji safi, pamoja na mikunjo yote na katikati ya vidole, bila kusugua kwa nguvu.

Kukausha mguu kwa kitambaa safi, hasa katikati ya vidole, kwa maana unyevu hupasua ngozi.

Kutazama kama pana mpasuko au kidonda, na kukipaka dawa iliyotolewa na mganga wa hospitali.

Kuinua mguu juu ya kiti anapokaa, na juu ya mto anapolala usiku.

Kuchezesha kifundo cha mguu juu na chini mara nyingi kwa siku, ili misuli iikamue limfu. Wakati wa homa kali zoezi hili liachwe, naye apumzike.

Kuvaa viatu vipana visivyobana.

Mwenye busha naye asijifiche nyumbani, kwa kuwa madaktari huweza kuliondoa kwa kupasua.

Kuhusu mnyoo wenyewe, ziko dawa za kumeza zinazowaua watoto wake katika damu, hata mbu asipate cha kuchukua. Ili kufaa, zapasa kumezwa na watu wa mahali pote, hata wanaojiona wazima, kwa miaka kadhaa. Wajawazito, watoto wadogo sana na wagonjwa mahututi hawapewi. Kenya ilianza ugawaji huo Kilifi mwaka 2002, na mwaka 2018 dawa tatu kwa pamoja zilitolewa Lamu na Jomvu. Nchi ya Togo ilithibitishwa mwaka 2017 kwamba matende si tatizo la watu wake wote tena, na Malawi ikafuata mwaka 2020.

Mbu nao lazima wapigwe vita. Chandarua humkinga mtu saa zile ambazo mbu wa matende hutafuta damu. Mjini, mbu wengi wa ugonjwa huu hutoka katika maji machafu ya vyoo na mashimo. Huko Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, mashimo ya vyoo yalimwagiwa punje nyepesi za plastiki zenye kuelea. Zilifunika maji kama blanketi, viluwiluwi wakakosa pumzi, na mbu wakapungua sana. Wakati huo huo watu wa mji huo walipewa dawa ya minyoo.

LINI KWENDA KWA DAKTARI

Mtu mwenye mtoki kwanza atafute kidonda. Ukiwa kinenani, atazame unyayo, vidole na mguu wote, na sehemu za siri. Ukiwa kwapani, atazame mkono na kifua. Ukiwa chini ya taya, atazame meno, koo na ngozi ya kichwa. Akikipata kidonda akioshe kwa maji safi na sabuni, akifunike kwa kitambaa safi, na kukipumzisha kiungo hicho. Kidonda kikipona, mtoki nao hupungua wenyewe.

Lakini kuna dalili ambazo si za kungojea. Kama uchungu unapanda kutoka kidondani kama mstari kuelekea kinenani au kwapani, ni ishara kwamba vijidudu wameingia katika mshipa wa limfu. Katika ngozi nyeupe mstari huo huonekana mwekundu. Katika ngozi nyeusi hauonekani sana, bali hugunduliwa kwa joto na maumivu unapoguswa. Mtu huyo aende hospitalini siku ile ile, hasa akiwa na homa. Vivyo hivyo mtoki uliolainika na kujaa usaha upasuliwe na mganga wa hospitali kwa vyombo vilivyochemshwa, wala si nyumbani kwa wembe.

Tezi iliyovimba bila kidonda, bila maumivu, na ambayo haikupungua baada ya majuma mawili au matatu, ichunguzwe. Tezi za shingo zinazovimba pole pole huweza kuwa za kifua kikuu, ambacho hupona kwa dawa zikimezwa mpaka mwisho. Tezi zilizovimba mahali pengi kwa miezi huweza kuwa dalili ya virusi vya UKIMWI, ambavyo huwavamia askari wenyewe wa limfu. Dawa za siku hizi, zikimezwa kila siku, huwazuia virusi hivyo na kuwaacha askari waongezeke tena. Tezi ngumu kama jiwe huweza kuwa ya saratani, kwa kuwa chembe za saratani nazo husafiri kwa njia ya limfu. Ndiyo maana daktari anayemchunguza mwanamke mwenye kivimbe katika ziwa humgusa na kwapani pia.

Kila moja ya magonjwa hayo hutibiwa vizuri zaidi likigunduliwa mapema. Chuma cha moto na wembe haviponyi hata moja, bali hupoteza wakati. Mtoki unapotokea, mlinzi ametoa taarifa. Kazi ya mwenye mwili ni kuisikia, kuufuata mfereji mpaka mahali adui alipoingilia, na kuufunga mlango huo kwa maji, sabuni na kitambaa safi.